Orodha Iandikwe Nyumbani: Mwongozo wa Maombi ya Vyuo kwa Familia za Nariokotome, Lodwar na Kakuma

Matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, nafasi za masomo ya juu zinazofadhiliwa na serikali ya Kenya hugawanywa kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni, na mhitimu ambaye hakuwasilisha maombi katika mfumo huo hapangiwi chochote, hata kama alama zake zingemtosha kusomea udaktari. Mfumo huo huendeshwa na shirika la serikali linalopanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo vya kadri, linalofahamika kwa ufupisho wa KUCCPS, ambalo liliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 42 ya mwaka 2012 ili kuchukua mahali pa bodi ya zamani ya udahili wa pamoja iliyoitwa JAB. Tofauti kubwa kati ya vyombo hivi viwili, kwa upande wa familia, ni kwamba JAB ilishughulikia vyuo vikuu pekee, ilhali KUCCPS hupanga pia wanafunzi wa stashahada, cheti na ufundi stadi, kwa hiyo linamhusu mtoto aliyepata D kama linavyomhusu aliyepata A.

Mwongozo huu unakusudiwa kwa mzazi, mlezi au ndugu mkubwa wa mhitimu anayeishi Nariokotome au katika vijiji vya ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, ambaye kompyuta iliyo karibu naye huenda ikawa katika saiba ya mjini. Msimamo wake ni mmoja: sehemu ngumu ya maombi haifanyiki mbele ya kompyuta, bali nyumbani, kwa kalamu na karatasi, kabla ya nauli kulipwa. Familia nyingi hugeuza mpangilio huo, zikaenda Lodwar na karatasi ya matokeo pekee, kisha zikamwachia mhudumu wa saiba, mtu asiyemfahamu mtoto, kazi ya kuamua maisha yake kwa muda wa dakika ishirini huku foleni ikisubiri nje.

Mfumo wa pamoja hufanya kazi vipi

Mfumo wa pamoja ni utaratibu ambao mwombaji hujaza fomu moja, akaorodhesha kozi na vyuo anavyovitaka, na fomu hiyo ikatumika kwa vyuo vyote vilivyomo. Nchi nyingine zina mifumo inayofanana nao kwa sura lakini si kwa tabia. Uingereza ina UCAS, ambao humruhusu mwombaji kuchagua hadi kozi tano, na Marekani ina Common App, iliyoanza mwaka 1975. Katika mifumo hiyo kila chuo huamua peke yake, kwa hiyo mwombaji mmoja anaweza kukubaliwa na vyuo kadhaa kisha akachagua anachokipenda. Mfumo wa KUCCPS haufanyi hivyo. Mfumo wenyewe ndio unaolinganisha alama za waombaji wote na nafasi zilizotangazwa na vyuo, kisha ukampa kila mwombaji nafasi moja tu. Mzazi anayesubiri vyuo vitatu vimwite mtoto wake ili wachague kilicho bora atasubiri bure, kwa sababu uchaguzi ulikwisha siku orodha ilipotumwa.

Jambo la pili linalopaswa kueleweka mapema ni kwamba nafasi hazitolewi kwa kufuata nani aliyetuma kwanza. Anayetuma saa ya kwanza na anayetuma siku ya mwisho hupimwa kwa kipimo kimoja, yaani alama zao na mpangilio wa chaguo zao. Hakuna sababu ya kukimbilia mjini siku dirisha linapofunguliwa bila kufikiri, na wala si busara kungoja siku ya mwisho, wakati mtandao unapolemewa, stima inapopotea na malipo yanapochelewa kuonekana. Wiki ya kwanza itumike nyumbani, na safari ifanywe angalau siku tano kabla ya kufungwa kwa dirisha, ili kosa likitokea pawe na muda wa kulirekebisha.

Nani anaweza kuomba nini

Viwango vya chini vya kuingilia hutegemea gredi ya wastani, yaani ile gredi moja inayojumlisha masomo yote saba yanayohesabiwa katika KCSE.

| Kiwango cha masomo | Gredi ya wastani ya chini |
|---|---|
| Shahada (chuo kikuu) | C+ |
| Stashahada | C- |
| Cheti cha ufundi | D |
| Ufundi stadi wa awali | E |

Kozi kadhaa zina masharti yaliyo juu ya haya, na mfano ulio karibu ni wa Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya (KMTC), chenye bewa mjini Lodwar, ambacho stashahada zake za afya huhitaji C kamili pamoja na gredi maalumu katika masomo kama Biolojia na lugha. Mwenye C+ anaruhusiwa pia kuomba stashahada badala ya shahada, na hilo lisichukuliwe kuwa ni kushuka hadhi. Stashahada ya uuguzi inayopatikana Lodwar inaweza kumfikisha kijana kazini mapema kuliko shahada ambayo familia haikuweza kuigharimia hadi mwisho. Vilevile wahitimu wa miaka iliyopita ambao hawakuwahi kupangiwa nafasi wasijione kuwa wameachwa na gari, kwani awamu za vyuo vya kiufundi, au vyuo anuwai kama vinavyoitwa magazetini, huwa wazi kwao pia kila zinapotangazwa.

Alama za klasta, na kwa nini C+ mbili si sawa

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na ndipo panapostahili muda mrefu zaidi. Gredi ya wastani hufungua mlango wa kuomba shahada, lakini haiamui kozi. Kinachoamua ni alama za klasta. Klasta ni kundi la kozi zinazohitaji masomo yaleyale manne ya msingi. Kozi za afya, kwa mfano, hutazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, pamoja na lugha moja, ilhali kozi za sheria na za sanaa hutazama zaidi lugha na masomo ya jamii. Alama za klasta hupatikana kwa kuunganisha nguvu ya mwanafunzi katika masomo hayo manne na nguvu yake katika masomo yote saba, na kiwango cha juu kabisa ni 48.

Mfano wa kubuni utaliweka jambo hili wazi. Mhitimu mmoja amepata Kiswahili B (pointi 9), Kiingereza C- (5), Hisabati D (3), Biolojia C- (5), Kemia D+ (4), Historia B+ (10) na Elimu ya Dini ya Kikristo B+ (10). Jumla ni pointi 46 kati ya 84, na hizo ndizo pointi za chini kabisa za C+. Hesabu iliyozoeleka huenda hivi:

1. Pointi za masomo manne ya klasta hujumlishwa na kugawanywa kwa 48.
2. Pointi za masomo saba hugawanywa kwa 84.
3. Majibu hayo mawili huzidishwa, kisha kipeuo cha pili cha zao hilo hutafutwa.
4. Jibu huzidishwa kwa 48.

Kwa klasta inayotazama Kiswahili, Historia, Dini na somo moja la sayansi, mhitimu huyu ana 9 + 10 + 10 + 5, yaani 34, na alama zake za klasta huwa karibu 29.9. Kwa klasta ya afya, inayotazama Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiswahili, ana 5 + 4 + 3 + 9, yaani 21, na alama zake hushuka hadi karibu 23.5. Mtu ni yuleyule na C+ ni ileile, lakini zaidi ya alama sita zimepotea kwa kubadilisha kozi tu, na katika ushindani huu hata alama moja huwatenganisha waombaji wengi. Mzazi anayeshikilia kwamba mtoto huyu lazima awe daktari kwa kuwa amepata C+ anamsukuma kwenye mlango ambao hawezi kuupita, huku mlango mwingine ukiwa wazi kando yake.

Si lazima familia ifanye hesabu hii yenyewe. Mwombaji akishaingia kwenye akaunti yake, mfumo humwonyesha alama zake katika kila klasta, na namba hiyo ya mfumo, hata ikitofautiana kidogo na hesabu ya mkono, ndiyo inayofuatwa. Kilicho muhimu ni kujua maana ya namba inayowekwa kando yake, yaani alama ya ukomo. Hii ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi katika kozi fulani, chuo fulani, mwaka uliopita. Haikuwekwa na mtu kabla ya maombi. Ilitokana na ushindani wenyewe, kwa hiyo mwaka huu inaweza kupanda au kushuka. Kozi ambayo ukomo wake uko juu ya alama za mwombaji kwa nusu alama ni bahati inayoweza kujaribiwa. Ambayo ukomo wake uko juu kwa alama sita ni nafasi iliyotupwa.

Kuandika orodha nyumbani

Mfumo humtaka mwombaji apange chaguo zake kuanzia analolipenda zaidi, na idadi ya chaguo hutajwa katika tangazo la kila awamu. Anapokosa la kwanza huangaliwa katika linalofuata, kwa hiyo mpangilio una uzito sawa na chaguo lenyewe. Katika boma la Kiturkana, yaani awi, ambako mashauri makubwa hayaamuliwi na mtu mmoja, ni vizuri kikao hiki kifanywe mapema, na mambo yaelezwe kwa Kiturkana, kwa sababu kurasa za mfumo ni za Kiingereza na mzazi asiyeelewa anachokubali leo ndiye atakayeulizwa karo kesho. Haki ya kuchagua ni ya mwombaji; wazee washauri kuhusu gharama, umbali na kazi, lakini kijana aliyepangiwa kozi asiyoitaka mara nyingi huiacha njiani, na hasara huwarudia walewale waliomlazimisha.

Orodha nzuri hujengwa kwa tabaka. Juu iwekwe kozi inayopendwa ambayo ukomo wake wa mwaka jana ulikaribiana na alama za mwombaji au kuzizidi kidogo. Katikati ziwekwe kozi za aina hiyo hiyo katika vyuo vyenye ushindani mdogo. Mwisho iwekwe kozi ambayo alama za mwombaji zinaupita ukomo wake kwa wazi, mradi iwe ni kozi ambayo yuko tayari kuisoma kweli. Chaguo la mwisho si la kujaza nafasi, kwani huenda ndilo atakalopangiwa.

Kila kozi katika kila chuo ina msimbo wake wa tarakimu saba, na msimbo huo ndio mfumo unaousoma. Kozi yenye jina moja katika vyuo viwili ina misimbo miwili, na tarakimu moja ikikosewa, mwombaji aliyetaka kusoma Chuo Kikuu cha Turkana kilichoko Lodwar, ambacho ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, anaweza kujikuta amepangiwa mji asiouwahi kuuona. Mara nyingi inasemekana kwamba watu si nambari, na ni kweli, lakini mfumo huu haujui hivyo.

*Orodha ya kukagua kabla ya kuondoka nyumbani*

☐ Nambari ya mtahiniwa ya KCSE, yenye tarakimu kumi na moja, na mwaka wa mtihani.
☐ Cheti cha kuzaliwa, na nambari ya mtihani wa darasa la nane (KCPE) kwa walioufanya. Mojawapo ya nambari hizi, kulingana na usajili wa shuleni, ndiyo neno la siri la kuanzia.
☐ Karatasi ya matokeo yenye gredi ya kila somo.
☐ Orodha ya chaguo iliyoandikwa kwa mkono, kila moja ikiwa na jina la chuo na, inapowezekana, msimbo.
☐ Simu ya mwombaji mwenyewe, yenye laini anayoitumia na iliyochajiwa.
☐ Anwani ya baruapepe ya mwombaji, au mpango wa kuifungua siku hiyo.
☐ Ada ya maombi katika M-Pesa, na pesa za saiba kando.

Suala la cheti cha kuzaliwa linahitaji tahadhari zaidi. Watoto wengi wa wafugaji husajiliwa wakiwa wakubwa, mara nyingi mtihani unapokaribia, na hapo ndipo majina hupishana: cheti kina jina la babu, shule ina jina la ubatizo, kitambulisho kina tahajia ya tatu. Tofauti hizo zirekebishwe kwenye afisi ya usajili wa watu mara zinapogunduliwa, kwa kuwa zitajitokeza tena wakati wa kuomba mkopo. Iwapo nambari ya cheti inakataliwa na mfumo, mwombaji arudi kwanza kwa shule yake aulize ni nambari ipi iliyotumika kumsajili kwa KCSE. Mara nyingi jibu huwa hapo, wala si Nairobi.

Hatua mbele ya kompyuta

Kazi hii inaweza kufanywa katika saiba ya Lodwar au Kakuma, katika shule aliyosoma mwombaji ikiwa ina intaneti, au kwa simu ya kawaida yenye intaneti, ingawa skrini ndogo huongeza makosa ya tarakimu. Kituo cha Huduma cha Lodwar nacho ni mahali pa kuulizia msaada.

1. Mwombaji afungue tovuti ya waombaji ya KUCCPS kwa kuandika anwani yake kamili, students.kuccps.net, badala ya kufuata kiungo alichotumiwa na mtu kwa WhatsApp.
2. Aingize nambari ya mtahiniwa, mwaka wa KCSE na neno la siri la kuanzia.
3. Abadilishe neno la siri papo hapo, alichague mwenyewe na kuliandika katika daftari lake. Mhudumu wa saiba asilijue.
4. Aweke nambari yake ya simu na baruapepe yake. Hili ndilo kosa linalorudiwa mno: mhudumu huweka za kwake ili kazi iende haraka, na miezi mitatu baadaye ujumbe unaomhusu kijana wa Nariokotome unaingia katika simu ya mtu ambaye hata jina lake amelisahau.
5. Afungue orodha ya kozi, atazame alama zake za klasta, ukomo wa mwaka uliopita, masharti ya masomo na gharama ya kozi, kisha alinganishe na karatasi aliyokuja nayo. Karatasi ibadilishwe pale tu ambapo mfumo umeonyesha jambo ambalo halikujulikana nyumbani.
6. Alipe ada, ambayo katika awamu za karibuni imekuwa Sh1,500, kwa M-Pesa kupitia nambari ya malipo ya serikali 222222, akitumia nambari ya akaunti inayotolewa na mfumo. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe.
7. Aingize chaguo moja baada ya jingine, asome kila msimbo kwa sauti huku mwenzake akiukagua kwenye karatasi, kisha abonyeze kitufe cha kutuma maombi.
8. Atoke kwenye akaunti, aingie tena upya, na kuhakikisha kwamba chaguo zinaonekana kama alivyoziweka. Achapishe ukurasa huo au aupige picha, kisha atoke kabisa kabla ya kuinuka kitini.

Hatua ya nane hurukwa na wengi kwa sababu ya uchovu na haraka ya kuwahi gari. Yapo maombi yaliyolipiwa kikamilifu lakini hayakutumwa, kwa kuwa mwombaji alidhani malipo ndiyo maombi.

*Kisanduku cha tahadhari*

Hakuna mtu, awe mhudumu wa saiba, karani au anayejiita afisa, anayeweza kuuza nafasi katika mfumo huu. Anayedai elfu kumi ili abadilishe kozi baada ya matokeo kutoka ni tapeli, na pesa zilizotumwa kwa nambari ya mtu binafsi hazirudi. Aidha, chuo cha kibinafsi kikionekana katika orodha si ishara kwamba serikali itakilipia: chini ya utaratibu wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, aliyepangiwa chuo kikuu cha kibinafsi hapati ufadhili wa serikali wa karo, ingawa anaweza kuomba mkopo. Kwa familia inayotegemea mbuzi na samaki, jambo hilo lijulikane kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa walio Kakuma na Kalobeyei

Kakuma ina wahitimu wa aina mbili wanaokaa dawati moja na kufanya mtihani mmoja, lakini njia zao hutengana siku ya matokeo. Mhitimu ambaye ni raia wa Kenya hufuata hatua zilizoelezwa hapo juu. Mhitimu mkimbizi, hata akiwa amefanya KCSE na kupata alama za juu, hapangiwi nafasi na KUCCPS, kwa sababu mfumo huo ni wa raia. Ni jambo zito kumweleza kijana aliyezaliwa na kukulia katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, lakini ni afadhali alijue mapema kuliko kulipa ada ya bure.

Njia zinazomfaa zimo kando. Ya kwanza ni ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na ambao ulianza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Huu hulipia masomo ya shahada katika nchi anamoishi mkimbizi. Ya pili ni mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la WUSC la Kanada, ulioanza mwaka 1978, ambao huwapeleka wanafunzi wachache wenye alama za juu kusoma na kuishi Kanada, na ambao nchini Kenya hushirikiana na shirika la Windle International Kenya. Ya tatu ni kuomba moja kwa moja chuoni na kujilipia. Maombi ya ufadhili huwa na tangazo na tarehe zake, hayatozwi ada, na mtu yeyote kambini anayetoza pesa ili kumweka mtu kwenye orodha aripotiwe. Familia zenye ndoa za mchanganyiko wa raia na wakimbizi zithibitishe kwanza hati za mtoto, kwa kuwa mzazi mmoja Mkenya anaweza kumpa mtoto haki ya uraia na hivyo kumrudisha kwenye njia ya KUCCPS.

Baada ya kutuma

Awamu ya kwanza ikifungwa, mfumo hupima maombi, kisha kwa kawaida hufunguliwa tena kwa marekebisho. Waliokosa nafasi katika chaguo zao zote huombwa kuchagua upya miongoni mwa kozi zilizobaki na nafasi, na pia walioghairi huweza kubadilisha. Familia iliyorudi malishoni na simu iliyozimwa hupitwa na dirisha hili, ambalo mara nyingi huwa fupi. Panapokuwa na adakar, yaani kundi la maboma yanayohama pamoja, ni vizuri mtu mmoja aliye mjini, awe shangazi wa Lodwar au mwalimu wa Lokitaung, apewe jukumu la kufuatilia matangazo na kupiga simu kwa mtu aliye karibu na mtandao. Apewe jukumu, si neno la siri.

Sheria iliyounda KUCCPS inalitaka shirika hilo pia kuweka vigezo vya upendeleo wa haki kwa walio katika maeneo yaliyotengwa, jamii ndogo na watu wenye ulemavu. Mwombaji mwenye ulemavu ahakikishe kwamba hali hiyo imeandikwa katika akaunti yake na kwamba amejisajili katika baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu. Hata hivyo upendeleo huo haumwondolei mtu masharti ya chini ya kozi, wala hauombwi kwa barua ya chifu.

Nafasi ikitoka, mwombaji huiona katika akaunti ileile, na baadaye huchukua barua ya kujiunga kutoka katika tovuti ya chuo chenyewe. Asiyeridhika anaweza kuomba uhamisho wakati dirisha la uhamisho litakapofunguliwa, endapo anatimiza ukomo wa kozi anayoitaka na chuo hicho kina nafasi.

Nafasi si karo

Kupangiwa chuo na kulipiwa chuo ni mambo mawili, na huombwa katika mifumo miwili. Anayefikiri kwamba kazi imekwisha baada ya kuona jina la chuo hufika langoni akakuta ankara. Maombi ya pesa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu hufanywa katika tovuti ya pamoja ya ufadhili wa elimu ya juu, hef.co.ke, ambapo mwanafunzi huomba kwa mara moja ufadhili usiorudishwa, unaotolewa na Hazina ya Vyuo Vikuu, na mkopo unaotolewa na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa mwaka 1995. Majibu ya maswali kuhusu mapato, idadi ya watoto wanaosoma na hali ya wazazi hutumika kumweka katika kundi la uhitaji. Katika mpangilio wa makundi matano uliotangazwa mwaka 2024, kundi la wahitaji zaidi lilipewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia ikaachiwa asilimia 5. Kundi la mwisho liliachiwa asilimia 40. Utaratibu huu umepingwa mahakamani, kwa hiyo viwango vya mwaka husika visomwe katika tangazo la mwaka huohuo.

Kwa maombi haya vitahitajika kitambulisho cha mwanafunzi, nambari za vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo kwa mzazi aliyefariki, barua ya nafasi, na akaunti ya benki. Kitambulisho huchukua muda, na yatima wengi hukwama kwa sababu mzazi aliyefia malishoni hakuwahi kuandikiwa cheti; usajili wa kifo hicho uanzishwe kwa chifu mara tu matokeo ya KCSE yanapotoka, hata kabla ya chuo kujulikana. Swali kuhusu mifugo lijibiwe kwa ukweli wa sasa, si wa kabla ya ukame. Basari ya kaunti na ya eneo bunge huombwa pembeni kwa fomu zake, na hazimzuii mtu kupata mkopo. Mwanafunzi anayeona kwamba amewekwa katika kundi lisilolingana na hali ya nyumbani ana haki ya kukata rufaa katika tovuti ileile, akiambatisha ushahidi wake, na rufaa hiyo huhitaji tena simu ileile, baruapepe ileile na neno la siri lililoandikwa katika daftari siku ya kwanza.